Simu ikipotea, majina yabaki: namna ya kuchagua pa kuweka nambari na tarehe zako

Mimi ni mtu wa pwani, lakini riziki imenileta Mundika, nje kidogo ya mji wa Busia. Kazi yangu ni kufuatilia mizigo ya watu tangu inapotoka Bandari ya Mombasa hadi ivuke mpaka, ama hapa Busia ama kule Malaba. Mtu wa kazi hii hana duka wala ghala. Mtaji wake ni majina: madereva, matanboi, maajenti wa forodha, na mama wa chakula anayejua lori gani limepita na lipi bado. Baada ya majina ni tarehe: siku ya kulipa, siku ya kudai, siku kibali kinapokwisha.

Jioni moja Malaba, nimesimama kando ya foleni ya malori, kijana alipita na pikipiki akaninyakua simu mkononi. Ndani yake mlikuwa na majina zaidi ya mia nane. Malori mawili ya wateja wangu yalikuwa yameshavuka, na nambari za madereva wake zilikuwa humo humo. Nilirudi Mundika usiku ule sikumbuki nambari ya mtu yeyote ila ya mke wangu.

Kesho yake nilirudisha laini na kununua simu nyingine. Nikatia barua pepe niliyodhani ni yangu: patupu. Kumbe yule kijana wa duka aliyeniuzia simu ya kwanza alifungua akaunti kwa jina alilolibuni yeye, na neno la siri akalitia yeye, naye alikuwa keshalisahau. Majina yangu yalikuwa salama salimini mahali fulani. Ni mimi tu niliyekuwa sina ufunguo.

Madereva niliwapata kwa kuulizia. Kilichoniuma zaidi ni mzee mmoja wa Tororo, mfanyabiashara wa kahawa, niliyekuwa na baki ya fedha zake. Siku ya kumlipa niliiandika kwenye kalenda ya simu, na nambari yake sikuiandika kwingine. Siku ikafika, ikapita. Aliponipata kupitia kwa dereva mmoja, alikuwa ameshaniweka katika kundi la matapeli. Fedha nililipa siku hiyo hiyo, lakini imani yake ilichukua muda kurudi.

Tangu hapo nimejifunza habari hii kwa bidii, na watu huniuliza. Nimeona niyaweke hapa yale ninayowaambia.

Jina lako linakaa wapi hasa

Unapohifadhi nambari mpya, simu huiweka mahali pamoja kati ya patatu.

Pa kwanza ni kwenye laini. Laini nyingi huchukua takriban majina 250, kila jina fupi na nambari yake, basi. Haichukui barua pepe, wala tarehe ya kuzaliwa, wala maelezo kwamba huyu ni Hamisi wa matairi na si Hamisi wa shuleni. Tena ukipewa laini mpya baada ya kuibiwa, nambari yako ya simu hurudi lakini majina hayarudi, kwa sababu yalikuwa ndani ya kile kipande cha zamani.

Pa pili ni kwenye simu yenyewe. Hapa pana nafasi tele, lakini simu ikienda majini, yameenda nayo.

Pa tatu ni kwenye akaunti, yaani kwenye kompyuta za kampuni au za mtu unayemwamini, kupitia intaneti. Simu hushika nakala tu. Ukitia akaunti hiyo hiyo kwenye simu nyingine, au tableti, au kompyuta ya ofisini, majina na tarehe huja zenyewe, na ukibadilisha pamoja hubadilika pote. Huku ndiko kusawazisha.

Fungua jina lolote kwenye simu yako sasa hivi, ubonyeze sehemu ya kuhariri. Simu nyingi huonyesha hapo limehifadhiwa wapi. Ukiona ni kwenye laini au kwenye simu, jua hilo jina halijasawazishwa hata kama umetia akaunti. Wengi wanadhani wamejikinga kumbe nusu ya majina yao yako nje.

Kusawazisha si kuweka akiba

Hili ndilo watu hukosea zaidi. Jina bodaboda lilizaliwa huku mpakani, kwa zile baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo baina ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Kusawazisha ni kama bodaboda: hubeba chochote ulichompa, akakifikisha ng'ambo bila kuuliza. Ukimpa jina jipya, atalifikisha. Mtoto akichezea simu akafuta majina hamsini, habari ya kufutwa nayo ataifikisha, na majina yatafutika kwenye kila kifaa.

Kwa hivyo unahitaji vitu viwili. Kimoja ni kusawazisha, ili vifaa vyako viseme neno moja. Cha pili ni nakala ya akiba isiyoguswa na mabadiliko ya kila siku. Nakala hiyo ni faili moja ya aina ya VCF kwa majina na ya aina ya ICS kwa kalenda. Karibu kila simu ya kisasa na kila huduma ninayoitaja hapa chini huweza kutoa au kupokea faili ya VCF, na hiyo ya ICS hutolewa vyema kupitia kompyuta. Itie kwenye kompyuta, kwenye flashi, au umtumie mtu wa nyumbani.

Huduma nyingine hukupa muda wa kujirudi. Kwa Google, jina ulilolifuta hukaa kwenye pipa la taka siku 30, na ukiingia kwa kompyuta unaweza kurudisha daftari zima kama lilivyokuwa siku yoyote ndani ya hizo 30. Apple nayo huhifadhi nakala za nyuma za majina na kalenda, unazirudisha kupitia tovuti ya iCloud. Muda huo ukipita, huna dawa ila faili yako mwenyewe.

Nyumba nne za kuchagua

Nyumba ya kwanza ni akaunti ya Google. Ndiyo rahisi kwa mwenye Android. Ni bure, na kwenye iPhone pia huingia bila programu ya ziada: unaiongeza kwenye akaunti ndani ya mipangilio, kisha unawasha majina na kalenda.

Ya pili ni iCloud ya Apple. Ikiwa wewe na watu wako nyote mna iPhone, inafanya kazi vizuri na huna haja ya kuhangaika. Shida huja siku unapochukua Android, kwani Android haina mlango wake wa moja kwa moja. Utahitaji programu ya mtu wa tatu au kuhamisha kwa faili.

Ya tatu ni Microsoft, yaani Outlook. Inamfaa anayefanya kazi ofisi yenye barua pepe za aina hiyo. Angalizo langu: akaunti ya ofisi ni ya ofisi. Siku ukiacha kazi itafungwa, na ukiwa umeweka humo nambari ya shangazi yako wa Lamu, nayo imefungwa. Majina ya kazi yakae ya kazini, na ya nyumbani yakae ya nyumbani.

Ya nne ni nyumba ya kujijengea. Kuna lugha mbili za wazi ambazo vifaa hutumia kusawazisha: CardDAV kwa majina na CalDAV kwa kalenda. Kwa kuwa ziko wazi, mtu yeyote anaweza kuweka seva yake, kwa programu za bure kama Nextcloud au Radicale. iPhone inazielewa tangu kiwandani. Android huhitaji programu ya kuunganisha, na maarufu ni DAVx5. Faida ni kwamba data ni yako na hakuna kampuni inayoishika. Hasara ni kwamba umeme, intaneti, ulinzi na nakala za akiba vyote ni juu yako. Taasisi au jumuiya yenye kijana anayejua kompyuta inaweza kuifikiria. Mtu mmoja mwenye shughuli nyingi simshauri.

Na yule mwenye kabambe tu, asiye na akaunti? Naye ana njia. Aombe simu ya mwanawe, majina yapelekwe kwa Bluetooth au kwa laini, kisha yahifadhiwe kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa jina lake mwenyewe mzee. Na daftari la karatasi lenye nambari ishirini muhimu halijapitwa na wakati. Mimi ninalo.

Maswali manne kabla ya kuchagua

Moja: una vifaa gani, na mwaka ujao utakuwa na vipi? Mwenye vifaa mchanganyiko achague nyumba inayofunguka kote.

Mbili: ufunguo unao nani? Kama hujui barua pepe yako na neno lake la siri kwa kichwa au kwa maandishi yako, huna akaunti.

Tatu: unataka kushirikiana na nani? Kalenda ya Google, ya Apple na ya Outlook zote zinaruhusu kalenda moja kuonwa na watu kadhaa. Mimi na mke wangu, aliye Mombasa, tunayo moja ya karo, kliniki na arusi za ukoo, na nyingine ya mizigo ni yangu peke yangu.

Nne: utatokaje siku ukichoka? Huduma isiyokuruhusu kuondoka na faili ya VCF na ICS, usiingie.

Ukishachagua, chagua moja. Kosa kubwa ni kuwasha Google na iCloud na akaunti ya kampuni ya simu zote pamoja. Jina moja litatokea mara tatu, na ukirekebisha moja, mawili yatabaki na nambari ya zamani. Iambie simu kwamba kila jina jipya liende kwenye akaunti moja, kwa kuifanya hiyo ndiyo ya kawaida. Kisha uyaunganishe yaliyojirudia. Programu ya majina ya Google ina sehemu ya kufanya hivyo.

Mambo ya mpakani

Huku Busia na Malaba tuna mtihani ambao mtu wa Mombasa huenda hajauona. Nambari za Kenya na za Uganda zinafanana sura. Nyingi za pande zote mbili huanza kwa sifuri na saba, na huwa na tarakimu kumi. Inayoanza 0772 upande wa Uganda ni ya mtu, na tarakimu hizo hizo upande wa Kenya huenda ni za mwingine kabisa. Ukihifadhi bila alama ya nchi, simu itampigia yule wa nchi ya laini unayotumia saa hiyo. Mbaya zaidi ni kutuma pesa.

Kwa hivyo hifadhi kila nambari kwa ukamilifu: +254 kwa Kenya, +256 kwa Uganda, +255 kwa Tanzania, +968 kwa jamaa walio Oman, na ile sifuri ya mwanzo iondoke. Wako waliozoea kuhifadhi nambari za Uganda kwa 006, ule mkato wa kupiga ukiwa Kenya. Mkato huo hupiga, lakini WhatsApp haiutambui, na ukiwa Kampala hautakufaa. Kazi ya kusahihisha ifanye kwa kompyuta, na mabadiliko yatashuka kwenye simu yenyewe.

Jambo la pili ni mtandao. Karibu na mpaka simu hudaka mnara wa ng'ambo bila kukuuliza, na data ya huko ina bei yake. Majina na tarehe ni maandishi tu, hayali data. Zinazokula ni picha na video zinazopanda pamoja nazo. Zima upandishaji wa picha usipokuwa kwenye Wi-Fi, zima data ya ng'ambo, na ukiwa nyumbani chagua mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia simu. Usiogope: bila intaneti majina na kalenda bado utayaona, na mabadiliko yatapanda ukirudi hewani.

Kalenda: saa zetu na saa za simu

Mswahili akisema saa nne asubuhi, simu inataka 10:00. Wengi huandika 4:00, kisha kengele inalia alfajiri na miadi inapita bila kengele. Tumia saa 24: saa mbili usiku ni 20:00.

Kenya, Uganda na Tanzania zina saa moja. Lakini dereva akifika Kigali au Goma, saa yake hurudi nyuma kwa saa moja, na jamaa wa Maskati yuko mbele yetu kwa saa moja. Kalenda iliyosawazishwa hujigeuza: miadi niliyoiandika 10:00 nikiwa Mundika itamtokea dereva wa Kigali saa 9:00, na ni wakati ule ule. Hivyo usijaribu kupiga hesabu mwenyewe kisha ukaandika saa iliyogeuzwa. Itageuzwa mara mbili.

Kalenda ya Google pia inaweza kuonyesha tarehe za Hijria kando ya hizi za kawaida. Inafaa kwa kupanga, lakini tarehe hizo hutoka kwenye hesabu, wala si kwa mwandamo. Ukiandika Idd kwenye kalenda, iandike ukijua inaweza kusogea siku moja, na usimfungie mtu miadi siku ya pili yake.

Ufunguo na wanaochungulia

Akaunti yako ifungue mwenyewe. Ukinunua simu iliyotumika, hakikisha imefutwa kabisa na hamna akaunti ya mwenyewe wa kwanza, la sivyo majina yako yatakuwa yanaenda kwake. Ukiuza yako, toa akaunti kwanza kisha ufute simu.

Washa uthibitisho wa hatua mbili, lakini jihadhari: kama hatua ya pili ni ujumbe kwenye laini iliyoibiwa pamoja na simu, umejifungia nje. Google hutoa misimbo kumi ya akiba. Iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na hati za nyumba. Ongeza pia nambari ya mtu wa nyumbani kama njia ya kurejea. Na akaunti usiitelekeze: Google inaweza kuifuta ile isiyotumiwa kwa miaka miwili.

Kisha angalia ni programu gani umeziruhusu kusoma majina yako. Kenya tuliyaona ya programu za mikopo zilizokuwa zikiwapigia ndugu na marafiki wa mdaiwa kumwaibisha. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zimekataza jambo hilo, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo. Hata hivyo, ruhusa hutoka kidoleni mwako. Majina yale si yako peke yako. Aliyekupa nambari yake amekupa amana.

Mwisho, fikiria siku ambayo hutakuwepo. Google inakuruhusu kuteua mtu atakayepewa data yako akaunti ikinyamaza kwa muda unaouchagua. Apple nayo ina utaratibu wa mrithi. Kama madeni yako na unaodai yamo kwenye kalenda, warithi wako wanahitaji kuyaona.

Nusu saa ya kazi

Keti mahali penye Wi-Fi. Fungua au hakiki akaunti yako, na andika neno la siri. Hamisha majina ya kwenye laini na ya kwenye simu yaende kwenye akaunti. Unganisha yaliyojirudia. Tia alama ya nchi kwenye nambari. Hakikisha kusawazisha kumewashwa kwa majina na kwa kalenda, kisha ingia kwa kifaa kingine uone kwa macho yako kwamba yamefika. Toa faili za VCF na ICS, uziweke mbali na simu. Rudia hilo la mwisho kila mwezi; mimi nimeliweka kwenye kalenda hiyo hiyo.

Yule mzee wa Tororo sasa nambari yake iko pahala patatu: kwenye akaunti, kwenye flashi iliyo Mombasa, na kwenye daftari langu la karatasi hapa Mundika. Mwezi uliopita nilimpigia siku mbili kabla ya tarehe yetu. Akacheka, akaniuliza kama simu yangu bado iko.